Malalamiko Dhidi ya Mpango wa Kutuletea Watazamaji

Foelke Ubben,
Njia ya Tuta,
Süderwarfen.

Kwa Bwana Habbo Wiltfang,
Mwenyekiti, Chama cha Wapanda Farasi,
Süderwarfen, Ostfriesland.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA JITIHADA ZA KUJAZA UKUMBI WA FARASI

Natumaini barua hii itakukuta mzima na goti lako linaendelea vizuri. Mimi sijambo. Kichwa cha habari hapo juu kimebeba jambo lote, lakini kwa kuwa najua wewe husoma kichwa tu kisha ukaweka karatasi chini ya kikombe, nitaeleza.

Onyesho letu la farasi la kila Februari, chini ya paa, mvua ikipiga mabati, lilianza kabla mimi na wewe hatujazaliwa. Nimeliandikia gazeti la wilaya tangu nilipokuwa msichana. Katika habari yangu ya kwanza niliripoti kwamba watu walikaa hadi kwenye ngazi na kwamba mama mmoja aliwekewa mtoto asiyemjua mapajani kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kumweka. Mwaka jana, Jumamosi ya fainali, niliripoti watazamaji kumi na tisa. Nilikuwa mmoja wao, kwa hiyo takwimu naithibitisha.

Halmashauri ya mji, ambayo ndiyo mwenye ukumbi, imetuandikia kwamba Jumamosi ya fainali mwaka huu ikikuta wahudhuriaji pungufu ya mia tatu, ukumbi utakodishwa kwa mfanyabiashara wa Emden anayetunza zile nyumba za magurudumu ambazo watu hufunga nyuma ya gari wakienda likizo. Hakutakuwa tena na onyesho. Jambo hilo linaniuma. Februari hapa kwetu haina kitu kingine.

Lakini dawa uliyotuletea imenitisha kuliko ugonjwa wenyewe. Umemwajiri mshauri kutoka Hannover, Bwana Lennart Kühnel, aturudishie watazamaji. Kwa niaba ya sisi tuliobaki, naomba umsimamishe. Sababu zangu ni hizi.

1. Hatukuulizwa. Bwana Kühnel alikuja wakati wa mazoezi ya Oktoba, akasimama katikati ya mchanga na viatu vyake vya ngozi laini, akayatazama mabenchi. Kisha akamfuata Tjark Oltmanns, fundi mstaafu wa tuta la kuzuia bahari, aliyekuwa amekaa anakula mkate.

"Mzee, wenzako wako wapi?"

"Wenzangu gani?"

"Watazamaji."

"Foelke yule pale. Na mimi hapa."

"Na wengine?"

"Wengine wanakuja Februari. Sasa hivi ni Oktoba, kijana."

Bwana Kühnel akaandika kwenye simu yake kwamba wenyeji wamekata tamaa. Tjark hajakata tamaa. Tjark alikuwa anakula.

2. Kazi zetu zitavurugika. Watu wanadhani kutazama ni kukaa. Tulipokuwa wengi labda ilikuwa hivyo. Lakini kadiri tulivyopungua, kila aliyeondoka aliacha kazi yake, na tuliobaki tukagawana. Tjark huguna upau wa kiunzi unapoanguka. Huguna peke yake, mara moja, kutoka kifuani, na wapanda farasi wanasema kwa mguno ule wanajua ni mguu upi wa farasi uliogusa. Dada wawili wa Saathoff ni wa makofi: mkubwa huanza, mdogo humaliza. Mimi husimama kwenye mzunguko wa ushindi. Mchungaji wetu wa kanisa hushangaa. Mwaka juzi mchungaji alilala na mafua, na farasi ambaye hakuna aliyemtegemea akashinda fainali. Tukabaki tunatazamana. Hakuna aliyetaka kushangaa kwa zamu ya mwenzake, na mshindi akaenda nyumbani akidhani tumemkasirikia.

Huo ndio mtambo ambao wewe umeamua kuujaza mchanga. Novemba, Bwana Kühnel alifanya jaribio. Alileta basi zima la wauza bima kutoka Oldenburg, bure, pamoja na soseji. Farasi wetu jike Wolke alikuwa katikati ya mwendo wa madaha, ule unaotazamwa kimya kama mazishi, na wauza bima wakapiga makofi. Wote. Wolke, ambaye maishani mwake hajapata kusikia zaidi ya mikono minne kwa pamoja, aligeuka kwa adabu, akatoka mlangoni na mpanda wake mgongoni, akavuka ua, akajipanga kwenye maegesho ya baiskeli, katikati ya baiskeli mbili. Mwamuzi alimfuata hadi nje na kumpa alama za juu kabisa za kusimama sawasawa, jambo ambalo Wolke hajawahi kulifanya ndani.

Mpanda wake, Insa, akamuuliza Bwana Kühnel bila kushuka, "Kaka, hawa watu wako wamefundishwa na nani?"

"Hawajafundishwa. Ni watazamaji wa kawaida."

"Basi wapeleke kwenye mambo ya kawaida."

3. Nafasi. Kwa mpango mpya kila mtazamaji atapewa kiti kimoja chenye namba. Kwa sasa mimi natumia mabenchi manne: moja la kukalia, moja la miguu, la tatu la koti, la nne la keki. Keki ikikaa benchi moja na koti inashika manyoya ya farasi. Hili si suala la anasa, ni suala la keki.

Aidha, koti langu halijakosa fainali hata moja tangu nilinunue, sifa ambayo siwezi kuwapa wajumbe watatu wa kamati yako. Nilimpigia simu mweka hazina wa chama nikapendekeza kwamba, kabla ya kuita wageni, tuwahesabu kwanza wahudhuriaji tulio nao: makoti, mablanketi, mito ya kukalia na mbwa wa mchungaji.

"Foelke," akaniambia, "koti halinunui tiketi."

Nikamuuliza kama koti lilipata kuombwa linunue. Akasema analazimika kukata simu kwa sababu chakula kinaungua. Ilikuwa saa nne asubuhi.

4. Chai. Tangu zamani, baada ya mwendo wa madaha tunakwenda chumba cha chai kwa Gesche, na kuruka viunzi hakuanzi mpaka mtu wa mwisho amemaliza kikombe cha tatu. Farasi wenyewe wanajua. Bwana Kühnel ameandika kwamba mapumziko yawe mafupi kwa sababu watu wa siku hizi hawana subira. Kama hawana subira, kwa nini tunawaalika?

Alikuja mwenyewe kutueleza jambo hilo chumbani kwa Gesche. Gesche akammiminia chai. Akanywa, akarudisha kikombe kwenye kisahani, akaendelea kueleza. Gesche akammiminia. Kama ujuavyo, kwetu mtu aliyetosheka huweka kijiko ndani ya kikombe, na asipokiweka, mwenye nyumba angeonekana mchoyo kuacha kumimina. Hatukumficha jambo hilo. Hakuuliza.

Alipofika kikombe fulani, mimi nilikuwa nimeacha kuhesabu, akasema, "Mama, chai yako ni tamu sana, lakini kweli nimetosheka."

"Kijiko kiko kwenye kisahani," Gesche akamwambia.

"Ndiyo, ni kijiko kizuri," akajibu, na kwa heshima akanywa tena.

Mazoezi ya viunzi aliyokuwa amekuja kuyapima kwa saa yake yalianza na kwisha yeye akiwa anatafuta msalani. Sasa nakuuliza, Mwenyekiti: mgeni mmoja asiyejua kijiko alimaliza birika mbili. Wageni mia tatu watatuachia nini?

5. Farasi aliye kwenye matangazo ya Bwana Kühnel si wa kwetu. Ni mweupe na anakimbia ufukweni. Farasi wetu ni wa kahawia, na ufukwe wetu ni matope. Mtu akija kwa ajili ya yule mweupe atadai haki yake.

6. Tumekosea tangu mwanzo kuhusu nani anatazama nani. Hili nalisema baada ya kulichunguza kwa muda mrefu kwa darubini ya marehemu mume wangu. Fainali ya mwaka jana ilikuwa na farasi zaidi ya arobaini na watu kumi na tisa. Farasi walikuwa wamejipanga kwenye uzio, vichwa juu, masikio mbele, wote wakitazama upande wetu. Tjark aliposimama kunyoosha mgongo, safu nzima iliinua shingo. Dada Saathoff mkubwa alipomenya yai, farasi wadogo wawili walisukumana ili waone. Farasi mmoja wa Aurich alikataa kuondoka hadi mchungaji alipovaa kofia yake.

Ukweli huu haukwepeki. Onyesho letu halikupoteza watazamaji. Watazamaji wapo, ni wengi kuliko walioonyeshwa, wanafika mapema, hawachelewi kurudi kutoka mapumziko na hawaingii na simu. Sisi kumi na tisa ndio tuliokuwa tunaonyeshwa, na bila kujisifu, tulifanya vizuri. Nashauri halmashauri iandikiwe hivyo. Barua yao inataka wahudhuriaji mia tatu, haikutaja idadi ya miguu. Wafugaji wa hapa hadi Norden wana farasi wa kutosha waliofungiwa mabandani mwezi mzima wakitazama ukuta. Wakiletwa Jumamosi wakapangwa kwenye mabenchi, tutawapita mia tatu kabla ya saa nane mchana, na hakuna hata mmoja atakayepiga makofi.

Najua utasema mabenchi yatavunjika. Nimeketi juu yake miaka yote hii, Mwenyekiti. Yalishavunjika.

7. Hata hizo nyumba za magurudumu tumezionea. Kama halmashauri bado inataka kodi ya yule bwana wa Emden, mimi sina kipingamizi zikiingizwa, mradi zipangwe kuuzunguka mchanga na madirisha yakielekea ndani. Nyumba ya magurudumu haikohoi. Haiombi kukaa karibu na mpwa wake. Haiulizi, kama yule muuza bima aliyekaa nyuma yangu alivyouliza, "Dada, hawa farasi wanashindana au wanapita tu?" Halmashauri itapata kodi, mfanyabiashara atapata paa, farasi watapata kitu cha kutazama, na sisi tutapata mahali pa kuweka keki pasipo manyoya. Katika mpango huo wote, anayekosa nafasi ni binadamu wa kuongezwa, na huyo hakuna aliyemhitaji.

Kwa hayo yote naomba yafuatayo. Matangazo ya farasi mweupe yabanduliwe. Mapumziko yarudishwe katika urefu wake. Bwana Kühnel alipwe, ashukuriwe, aonyeshwe matumizi ya kijiko, arudi Hannover. Na mlangoni pabandikwe karatasi moja, kwa herufi kubwa na lugha ya heshima, inayosema kwamba ukumbi una watu wa kutosha.

Sisemi haya kwa kuwachukia watu. Nimeishi nao. Nasema kwa sababu kama mambo yetu ni ya kufa, nataka yafe yakiwa bado ni yetu, Tjark akiguna mahali pake na mchungaji akishangaa mahali pake. Ukijaza ukumbi kwa wageni ili uuokoe, utakuwa umeokoa ukumbi, na sisi tutaanza kuhesabiwa kama watu waliokaa safu ya tatu.

Nisalimie Bi. Wiltfang na mama yake, umwambie ile achari ya boga ilifika salama. Wasalimie wajumbe wote wa kamati, hata wale watatu. Msalimie mweka hazina, natumaini chakula hakikuungua sana. Mpe pole mwamuzi wa Aurich kwa baridi aliyoipata kwenye maegesho ya baiskeli.

Ni mimi niliyekuwepo na ninayekusudia kuendelea kuwepo,

Foelke Ubben

Nakala: Halmashauri ya Mji.
Bwana L. Kühnel, kwa kujua tu, asijibu.
Wolke, asomewe na Insa.

NYONGEZA. Barua hii imechelewa kutumwa, na nakuomba radhi. Baada ya kutia sahihi niliona ni busara niipe nguvu kwa vitendo. Nikavaa buti, nikaanza kupita nyumba kwa nyumba kuwaomba watu wa Süderwarfen, mmoja mmoja na kwa upole, wasije Jumamosi. Kazi imekwenda polepole kwa sababu kila nyumba ina vikombe vyake vitatu.

Nilianza kwa Menno Dirks, mwoka mikate, ambaye hajakanyaga ukumbi ule tangu farasi wa shemeji yake anyimwe utepe.

"Foelke," akasema, "kama umekuja kunialika kwenye farasi wako, nina unga unanisubiri."

"Nimekuja kukuomba usije."

"Nisije mimi?"

"Usije. Tuko wa kutosha."

"Baba yangu ndiye aliyepigilia misumari ya yale mabenchi."

"Najua. Imenichania sketi mbili. Usije, Menno."

Akajifuta unga mikononi. "Jumamosi saa ngapi?"

"Saa nane mchana. Unaulizia nini?"

"Nijue saa ya kutokuja."

Kabla sijamaliza kikombe cha pili alikuwa amemtuma mkewe kwa Gesche, ambaye huuza na tiketi, anunue za watu sita, pamoja na mama mkwe ambaye hatoki nyumbani hata siku ya kura. Mwalimu mkuu aliniambia kwamba yeye hakuwa na habari kama onyesho bado lipo, lakini sasa anaona kuna kikundi kinajifaidi, na watoto wana haki ya kujua kinajifaidi nini, analeta shule. Wazima moto wamechukua upande mzima wa mashariki. Kiongozi wao alinieleza kwamba hawaji kutazama farasi, wanakuja kuhakikisha hakuna anayezuiwa. Nilimwambia hakuna anayezuiwa, ninaomba tu. Akasema, "Dada Foelke, huanza hivyo hivyo."

Kwa mjane Harms nilikuwa mwangalifu zaidi, nikamwambia ana ruhusa kamili ya kuja, ila asingefurahi. Akaniuliza ni nani aliyenipa kazi ya kupima furaha yake. Amechukua kiti cha mbele.

Jana Bwana Kühnel alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekaa chini.

"Bi. Ubben, tiketi zimekwisha. Nimebandika matangazo mpaka Oldenburg miezi minne, sikupata hata basi moja la watu wa kulipa. Wewe umefanya nini?"

"Nimewaambia wasije."

Nikamsikia anaandika. "Sisi hilo hatukufundishwa."

"Huku hatufundishwi pia," nikamwambia. "Tunazaliwa nalo."

Akaniomba nipite na vijiji vya jirani. Nikamjibu kwamba mimi si mtu wa kutumika. Kesho naanza na Norden, kwa sababu zangu mwenyewe.

Gesche ananiarifu kwamba mia tatu zilipitwa tangu Jumatano, na kwamba mjumbe wa halmashauri aliyeandika ile barua amekuja kuomba kiti akakosa. Bwana wa Emden amenunua viwili na kuuliza kama kuna ukumbi mwingine wilayani usiopendwa hivi. Tjark nimemkuta anawafundisha wazima moto kuguna kwa zamu. Mchungaji ameshangaa mapema, nimemwonya ajitunze.

Kwa hiyo, Mwenyekiti, sifuti hata neno moja la barua hii. Naomba malalamiko yangu yote saba yakubaliwe kama yalivyo, na yaanze kutekelezwa Jumapili asubuhi, farasi wote watakapokuwa wamekwisha kwenda nyumbani.

F. U.